Nimemmulika mtoto kooni nikaona kitu, je ni ugonjwa? Maswali yenu kutoka Tanga

Mwezi huu maswali ya koo yamekuwa mengi kweli, na karibu yote yameanzia sehemu moja: mtoto kapimwa kliniki au shuleni, kaambiwa afungue mdomo aseme aaa, mzazi karudi nyumbani na yeye kachukua tochi ya simu kamulika, hapo ndo hofu inapoanza. Mi kazi yangu ni watoto, kutwa naangalia makoo, na naomba niseme mapema kwamba koo za watoto hazifanani hata kidogo, kuna vitu kibao ukiviona mara ya kwanza utashtuka na kumbe mtoto kaumbwa navyo na hatapata shida yoyote maisha yake yote. Kuna vichache vya kukimbilia hospitali na hivyo nitavisema wazi. Barua moja imenitia wasiwasi mkubwa kuliko zote, ya bibi wa Mabawa kuhusu kukata kimeo, nayo nimeijibu kwa kirefu, naomba isomwe na kila mwenye mtoto mdogo nyumbani.

Dokta asalaam aleikum. Mwanangu wa kiume ana miaka 4, alikuwa na mafua tukaenda kituo cha afya wakamwangalia koo wakasema sawa. Usiku nikamwambia atoe ulimi nimwone, nikaona nyuma kabisa ya ulimi kitu cha pinki kimechomoza kimejikunja, akitoa ulimi sana kinaonekana akirudisha kinapotea. Mama mkwe kaangalia kasema nyama imeota, ikikua itamziba pumzi. Mtoto anakula na anacheza vizuri ila mimi silali. Mama wa Makorora.

Waaleikum salaam mama, leo lala. Ulichokiona kinaitwa epiglotisi na kila mtu anacho, wewe unacho na mama mkwe pia anacho. Ni kifuniko kilichokaa juu ya njia ya hewa, mtu akimeza kinainama ili tonge na maji yapite kwenda tumboni yasiingie kwenye mapafu. Kwa watu wazima wengi kimejificha chini huko hakionekani mpaka daktari atumie kioo au kamera, ila kwa watoto mambo ni tofauti kwa sababu kikoromeo chao kiko juu zaidi. Mtoto mchanga kikoromeo chake kipo usawa wa pingili ya 3 au ya 4 ya shingo, akikua kinashuka taratibu mpaka kwenye pingili ya 5 au ya 6 hivi kama mtu mzima, kwaiyo mtoto wa miaka 4 akifungua mdomo vizuri na kuutoa ulimi wote, au akilia, au akitaka kutapika, ile ncha inachungulia nyuma ya ulimi. Wengine hata wakiwa wakubwa bado inaonekana. Haihitaji dawa wala picha wala opereshini, na haitakua ikaziba pumzi.

Wahudumu wa afya wenyewe wakati mwingine wanashtuka, hasa kama hajawahi kuiona kwa mtoto, manake haionekani kwa kila mtoto. Ukikutana na mwenye wasiwasi mwambie tu kwa upole kwamba mtoto hana homa, hana maumivu, anakula, sauti yake ni ile ile, ataelewa.

Sasa upo ugonjwa wa hicho hicho kifuniko na huo hauchezewi. Kinavimba kwa bakteria, na mtoto anabadilika ndani ya masaa tu: homa kali, koo linamuuma hataki kumeza hata mate yake yanamtoka mdomoni, sauti imefifia, anakaa kainama mbele kidevu kimechomoza, akivuta hewa kuna mkwaruzo unausikia. Mtoto wa hivyo usimmulike, usimbonyeze ulimi na kijiko, usimlaze chali, mwache alivyokaa na umbebe hivyo hivyo moja kwa moja hospitali kubwa, kwa sisi wa mjini hapa ni Bombo, manake akilia sana au akibonyezwa koo njia ya hewa inaweza kufunga kabisa. Umepungua sana ugonjwa huu kwa sababu bakteria aliyekuwa anauleta zaidi, yule wanaemuita Hib, yumo ndani ya chanjo ya penta ambayo Tanzania tulianza kuitoa 2009, ile ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwaiyo mama, badala ya kummulika kila usiku, fungua kadi yake ya kliniki uangalie kama zote 3 alipata.

Daktari, mjukuu wangu ana miezi 8, hii ni wiki ya tatu anakohoa, usiku ndo zaidi na akikohoa sana anatapika. Nimemwangalia kimeo chake kirefu kimelala kwenye ulimi. Huku kwetu kuna mzee anakata vimeo na watoto wa jirani waliokatwa kikohozi kiliisha. Hata mimi wanangu wawili walikatwa na wakapona. Mama wa mtoto hataki, anasema tuulize kwanza. Bibi wa Mabawa.

Shikamoo bibi. Nashukuru sana umeuliza, na huyo mama wa mtoto mpe pongezi zangu. Nakuomba kwa heshima zote, msimkate huyo mtoto.

Najua wanao walikatwa wakapona na siwezi kukubishia ulichokiona kwa macho yako. Ila hebu tuangalie walipona na nini. Kikohozi cha mafua kwa mtoto huwa kinachukua wiki moja mpaka mbili, kingine kinavuta mpaka ya tatu, na watu huwa hawaendi kwa mkata kimeo siku ya kwanza, wanaenda baada ya kujaribu hiki na kile, yani wiki ya pili ya tatu hivi, wakati ambao kikohozi chenyewe kilikuwa kinaelekea kuisha. Kimeo kikakatwa leo, kikohozi kikaisha keshokutwa, sifa akapewa wembe. Na yule ambae hakupona, au alievuja damu usiku, familia yake haipiti mtaani kusimulia.

Kimeo kimewekwa pale na kina kazi. Mtoto akimeza kinapanda pamoja na kaakaa laini kuziba njia ya kwenda puani ili maziwa yasitokee puani, na kinatoa mate mepesi ya kulainisha koo. Urefu wake unatofautiana, kuna watoto wana kifupi huoni vizuri na kuna wenye kirefu kinagusa ulimi, na wote wazima. Tena kile kile kimeo cha mtoto mmoja kinabadilika ukikiangalia, akitulia kinaning'inia, akilia au akisema aaa kinajivuta juu kinakuwa kidogo, na akiwa na mafua kinavimba kidogo kinaonekana kirefu zaidi. Ndo maana kila mtoto anaekohoa ukimmulika utaona kimeo kirefu. Kikohozi ndo kilitangulia bibi, kimeo kikavimba baadae.

Na kukata kwenyewe kuna hatari ambayo watu hawaifikirii. Mtoto ana damu kama mililita 80 kwa kila kilo ya uzito wake, kwaiyo mtoto wa kilo 8 damu yake yote mwilini ni kama mililita 640, haifiki chupa mbili za soda. Akivuja kidogo kidogo usiku mzima huku anameza ile damu nyie mnaona amelala, asubuhi mnakuta kawa mweupe wa viganja, kalegea. Kuna kile kisu kilichotumika kwa mtoto mwingine, hapo ni pepopunda, usaha, sumu kuingia kwenye damu, hata virusi vya UKIMWI. Kuna damu au kipande kuingia kwenye njia ya hewa. Mwaka 2015 madaktari wa Muhimbili walichapisha taarifa ya watoto waliofikishwa idara ya dharura baada ya kukatwa kimeo, na wapo waliofariki. Sisi tunaofanya kazi na watoto hatuhitaji hata kusoma, tunaletewa, na mara nyingi mtoto anakuja na magonjwa mawili, kidonda cha kooni na ile nimonia aliyokuwa nayo tangu mwanzo ambayo hakuna aliyeitibu kwa sababu wote walikuwa wanakiangalia kimeo. Hiyo ndo inaniuma kuliko yote.

Kwaiyo tukitafute kinachomkohoza. Wiki tatu ni nyingi, kikohozi kikipita siku 14 mtoto lazima aonwe, wataangalia kifua kikuu, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anakohoa muda mrefu, wataangalia pumu, na huku kukohoa mpaka anatapika kunanifanya nifikirie pia kifaduro, nendeni na kadi ya chanjo. Nendeni kesho asubuhi msisubiri Jumatatu. Ila leo hii kabla hamjalala fanya jambo moja: mtoto akiwa ametulia au amelala, mfunue nguo, angalia kifua na tumbo, weka simu dakika 1 nzima uhesabu anapumua mara ngapi. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akifika pumzi 50 au zaidi kwa dakika anapumua haraka, na wa mwaka 1 mpaka 5 ni 40 au zaidi. Ukipata hivyo, au ukiona chini ya mbavu panabonyea ndani kila akivuta hewa, au hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, kalegea au kapata degedege, hiyo ni safari ya usiku huu huu bibi, chukueni bajaji.

Kwa nyumbani anyonye mara kwa mara, hiyo ndo dawa yake ya koo kwa umri huo. Asali msimpe kabla hajatimiza mwaka 1, ina vijidudu ambavyo kwa mchanga vinaleta sumu ya kulegeza misuli. Na zile dawa za kikohozi za chupa za dukani hazimfai wa miezi 8.

Wametupimia watoto shuleni, binti yangu wa miaka 6 nikaambiwa kimeo chake kimegawanyika kina ncha mbili, nimpeleke hospitali. Nimeangalia kweli ni viwili. Hajawahi kuumwa koo. Nimechanganyikiwa, ni kilema? Mama wa Chumbageni.

Dada yangu, sio kilema. Mtoto akiwa tumboni kaakaa linaundwa kwa pande mbili zinazokuja kuungana katikati, zikianzia mbele kuelekea nyuma, na kimeo ndo mwisho wa mstari, kwaiyo pale mwishoni pakibaki nafasi kidogo kimeo kinatoka na ncha mbili. Kwenye nchi zilikofanyiwa hesabu ni mtu 1 au 2 hivi kati ya 100, wengi wanazeeka hawajui kwa sababu hakuna aliyewahi kuwamulika.

Ila waliokwambia umpeleke wamefanya vizuri, na ni kwa sababu moja tu. Watoto wachache wenye kimeo cha hivi wanakuwa na uwazi kwenye kaakaa uliofunikwa na ngozi juu, huuoni kwa macho kwa sababu ngozi imepita lakini misuli ya chini haijaungana. Daktari ataangalia kama katikati ya kaakaa laini kuna mstari wa rangi ya ubluu hivi unaopitisha mwanga, na atapitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa kaakaa gumu kusikilizia kama kuna pengo. Alama hizo tatu, kimeo cha ncha mbili, mstari na pengo, daktari mmoja Muingereza anaitwa Calnan ndo alizikusanya pamoja mwaka 1954 na mpaka leo ndo tunazitumia. Na wewe mama una majibu ambayo daktari hana, mwambie: alipokuwa mchanga maziwa yalikuwa yanamtoka puani? anaongea kwa kupitia puani kiasi kwamba watu hawamwelewi? masikio yanatoka usaha mara kwa mara? Kama yote ni hapana na kaakaa lake limekutwa sawa, rudini nyumbani mkapike.

Kitu kimoja tu kiandikwe kwenye daftari lake la matibabu. Siku yoyote mbele huko akija kuambiwa afanyiwe opereshini ya nyama za puani, mseme kabla kwamba kimeo chake kina ncha mbili. Zile nyama nyuma ya pua wakati mwingine zinamsaidia mtoto wa hivi kuziba njia ya hewa akiongea, ukiziondoa zote sauti inaweza kubaki inatokea puani, daktari wa upasuaji lazima ajue mapema.

Kijana wangu miaka 5, dispensari moja wameangalia wakasema tonsesi kubwa sana zinakaribia kugusana, zikatwe. Haumwi chochote, mara moja tu mwaka huu aliumwa koo. Nitafute hela? Baba wa Muheza.

Kaka usitafute hela kwanza. Tonsesi ni sehemu ya kinga ya mwili, mtoto akizaliwa ni ndogo, zinakua zinakua, na kwenye miaka 4 mpaka 7 hapo ndo zinakuwa kubwa kuliko umri wowote ule, alafu akifika ubalehe zinaanza kusinyaa zenyewe. Mwanao yupo katikati kabisa ya umri wa tonsesi kubwa. Tunazipima kwa daraja la 1 mpaka la 4 kufuatana na nafasi ya koo zilizochukua, lakini daraja peke yake halimpeleki mtoto kwenye kisu.

Tena kuna jambo la upimaji wenyewe. Ukibonyeza ulimi wa mtoto kwa kijiti mpaka nyuma akataka kutapika, misuli ya koo inazisukuma tonsesi zote mbili kuja katikati, kwa sekunde hiyo hata tonsesi za kawaida utaona zinagusana. Mimi namwambia mtoto afungue mdomo apumue kama aliyechoka kukimbia, ulimi ubaki ndani, naangalia hapo.

Maswali ya kujiuliza ni haya. Akilala anakoroma kila siku, tena katikati anakata pumzi sekunde kadhaa alafu anashtuka anavuta kwa nguvu? Chakula kigumu kinamshinda? Uzito haupandi? Anaumwa koo la ukweli la homa na usaha mara 7 kwa mwaka, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3? Hapo ndo tunaongelea opereshini, na ukoromaji wa kukata pumzi ndo usiouchelewesha hata kidogo, mrekodi video akiwa amelala umpelekee daktari wa masikio, pua na koo, video ya dakika moja inasaidia kuliko maelezo ya saa zima. Kinyume cha hapo mwache. Na vile vitu vyeupe unavyoweza kuona vimekaa kwenye vishimo vya tonsesi bila homa wala maumivu ni mabaki tu ya chakula na seli zilizokufa, asukutue maji.

Usiache kumpeleka kama tonsesi moja inakua haraka kuliko mwenzake ndani ya wiki chache, hasa ikiwa na vinundu shingoni, homa za usiku na kupungua, hilo ni la kupima vizuri. Na akiumwa koo na homa asipewe nusu dozi ya antibayotiki kutoka duka la dawa, manake kuna bakteria wa koo ambao wasipotibiwa sawasawa wanaweza kuja kuharibu milango ya moyo kwa watoto wa umri wa kwenda shule.

Ulimi wa mwanangu una mabaka mekundu yamezungukwa na ukingo mweupe, leo yako huku kesho yamehama. Nimempa dawa ya fangasi chupa mbili hayaishi. Mama wa Ngamiani.

Acha hiyo dawa mama. Ni aina ya ulimi tu, vile vinyweleo vidogo vya juu vinatoka sehemu moja vinarudi kwingine, ndo maana mabaka yanahama. Hauambukizi. Akila ndimu, embe mbichi au pilipili unaweza kumwasha, basi siku hizo mpunguzie.

Mdogo wangu kajifungua, mtoto ana wiki 2, kwenye kaakaa na kwenye ufizi kuna vidoti vyeupe vigumu. Majirani wanasema ni meno ya plastiki yatolewe haraka kabla hayajamletea homa na kuharisha. Shangazi mtu, Pongwe.

Shangazi wa mtoto, walinde huyo mama na mtoto na asiguswe. Hivyo vidoti vimejaa ngozi laini iliyonaswa wakati kaakaa linaungana, zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa wanavyo, vinapasuka vyenyewe na kupotea ndani ya wiki chache, vingine vinachukua mpaka miezi 3. Na hayo wanayoita meno ya plastiki, wakipasua ufizi wakatoa kitu cheupe laini wanakuonyesha, lile ni jino halisi la mtoto ambalo bado halijakomaa, mara nyingi chonge, na wakilitoa wanaweza kuharibu mpaka jino la ukubwani lililo chini yake. Homa na kuharisha vina sababu zake na vinatibiwa kituoni, tena homa kwa mtoto wa wiki 2 ni ya kwenda siku hiyo hiyo. Kama ni utando mweupe uliotapakaa kwenye ulimi na mashavu kwa ndani, ukifuta kwa kitambaa panabaki pekundu, hapo ni fangasi na dawa yake ipo. Vidoti hivyo msivikwangue, wala msipake chumvi au limau, aendelee kunyonya, na siku ya chanjo ya wiki ya 6 mwonyesheni muuguzi, mara nyingi mpaka siku hiyo vinakuwa vimeshapotea.